Sinia Linalohesabu Mikono

Siku hizi sinia la kila nyumba huhesabu mikono inayochota. Nyumba isiyozidisha mkono hupata unga, gesi na nauli kwa nusu bei, na Mwanakombo hakuwahi kuzidisha. Ijumaa moja shangazi yake, Bi Subira, alipiga hodi wali ukiwa umeshapakuliwa.

“Karibu, shangazi. Umeshakula?”

Kwao mgeni haulizwi hivyo. Huletewa maji ya kunawa.

“Nimeshiba mpaka hapa, mwanangu,” alisema Bi Subira akijishika koo, na miguu yake imejaa vumbi la safari. Hakukawia kuaga.

Sinia likawaka taa ya kijani: punguzo limesalimika. Lakini Saumu, bintiye Mwanakombo, hakunyoosha mkono.

“Mama, na mimi nikishaolewa, nikija kukuona, utaniuliza kama nimekula?”