Birika la Mzazi

Haya alinisimulia marehemu shangazi, siku aliyokuja kunikanda kwa uzazi wangu wa kwanza.

Pampu ya mkono ya mtaani ilikauka siku ya tatu tangu Raya ajifungue. Nyumbani yalibaki maji ya birika moja tu, ya kumkanda. Mama yake, Siwema, alikata ngozi ya kiatu chake, akaitia ndani ya pampu badala ya ngozi ya kuvutia maji iliyochakaa. Kisha akaleta birika, linafuka mvuke.

"We mama, chuma nacho kimezaa?" fundi wa mtaa akamcheka. "Nimekwambia imekufa. Ngoja kifaa, mwezi ujao."

"Mwanangu hangoji mwezi."

"Ukiyamwaga hayo, utamkanda kwa mate?"

"Hata mzazi hunyweshwa uji kwanza, ndipo maziwa yateremke."

Akayamimina yote pampuni, mpaka tone la mwisho. Akashika mpini, kiatu kimoja mguuni, akapiga. Pampu ikakohoa hewa tupu. Akapiga tena, na tena, mpaka fundi akaacha kucheka, akasogeza ndoo.

Jioni Raya alikandwa, akalala na mwanawe. Siwema alilala wa mwisho, na usingizini mkono wake ulikuwa bado unapanda na kushuka.