Picha ya Kando ya Sabaki

Bodaboda ilikuwa imeshaondoka nami, nimeshapiga picha mji wa Malindi na mto wake, nilipoona kigango kando ya maji, ule mti wa kuchonga wa kumkumbuka marehemu. Nikashuka, nikaupiga picha.

Binti mmoja, Nyevu jina lake, akatoka shambani na jembe. “Shikamoo babu. Umempiga baba picha?”

“Marahaba. Nimepiga mti tu.”

“Mti wenye shingo? Baba mdogo alipigwa picha hivyohivyo, wezi wa vigango wakaiona, wakaja wakamng'oa. Ifute.”

Ilikuwa nzuri kuliko zote. Shingoni kitambaa chekundu, kipya, kimefungwa kwa fundo dogo.

“Nani humvika?”

“Mimi. Nani mwingine?”

Nikaifuta.

Nyevu bado analima pale. Baba yake bado amesimama. Mimi ndiye niliyehama, nikaenda Mtwapa.