Kelele za Kipimo

Siku hizo nyumba yoyote iliyokutwa na mawimbi ya redio kupita kiwango ilifungwa, na wenyewe wakahamishwa. Nyamizi, fundi wa vipimo, alimtazama mkaguzi Lukelo akizungusha kipimo cha mawimbi sebuleni mwake kama mtu anayekoroga uji.

"Mama, mmepita kiwango," Lukelo alisema.

"Chomoa antena ya kipimo chako, halafu uzibe tundu lake kwa kifuniko," Nyamizi alisema.

Akaziba. Namba kwenye kipimo haikushuka hata kidogo.

"Basi hayo si mawimbi ya nyumba, ni kelele za kipimo chenyewe, bwana mkubwa. Kimesawazishwa lini mara ya mwisho?"

"Sisi tunapewa ofisini, tunatumia."

"Na nyumba kumi na moja mlizofunga mtaa huu?"

Lukelo alifuta jina la Nyamizi kwenye orodha ya nyumba za kufungwa, akashukuru kwa adabu, akarudisha antena. Nyamizi alimdharau hata akatamani kutema mate.

Kisha akamwona anavuka barabara na kipimo kilekile, anabisha hodi kwa Bi Salome, mjane jirani. Nyamizi akafungua mdomo amwite. Akawaza kwamba jina lililofutwa laweza kuandikwa tena. Akafunga mlango wake polepole, usipige kelele.