Mbege Yenye Masikio

Tangu serikali igawe chachu yake, pombe ilihifadhi kila neno lililosemwa karibu nayo, na aliyeinywa alilisikia. Ndiyo maana katika kiwanda kidogo cha Mankya walipika mbege, pombe ya ndizi, kwa ishara tu.

Siku ya ukaguzi, mbele ya mkaguzi wa serikali, Mankya alionja kwanza, kama desturi ya Wachaga, mgeni asihofie sumu. Funda moja tu, akamsikia mumewe akinong'ona: "Mwanangu, jifiche nyuma ya pipa. Mama yako asijue umetoroka jeshini."



"Vipi, mama?" mkaguzi akauliza. "Salama?"

Mankya akaigugumia kata yote mpaka tone la mwisho.

Mkaguzi akacheka. "Basi tamu kweli! Usijisumbue, mama, nitajichotea mwenyewe," akasema, akielekea kwenye pipa.