Figo la Kushoto

"…acha utani bwana, figo linapotelea wapi!" Oksana alicheka. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha darasani, amepakwa jeli baridi ubavu mzima. Kwenye chuo chao cha ultrasaundi, hapo Saskatoon, wanafunzi hupimana wenyewe kwa wenyewe.

Mwenzake hakucheka. "Shosti, la kulia hili hapa, kubwa kweli. La kushoto silioni."

Mwalimu akaja, akatafuta mwenyewe, kisha akawa mpole ghafla. "Wengine huzaliwa na moja tu, binti. Wanaishi vizuri."

Jeli ikamtiririka hadi kiunoni. Jana tu alimwahidi baba yake figo moja.

Simu ikaita. "Mwanangu, leo baba yako kamaliza sahani nzima kwa furaha. Umeshaongea na daktari?"

"Kesho, mama. Kesho nitakueleza yote."