Mhanga Aliyejibu Mbili

Nyati alikuwa na shamba la mihogo bondeni. Siku moja alimtuma Korongo awaulize vibarua wake: "Kutoka moja hadi kumi, unaliona shamba hili ni lako kiasi gani?"

Fisi akajibu kumi. Ngedere naye akajibu kumi. Mhanga, mchimba mfereji, akajibu mbili.

"Mbili tu?" Korongo akashangaa.

"Nimeomba mara tatu mfereji uhamishwe, bwana mkubwa anakataa. Shamba lingekuwa langu, ningeamua."

Nyati aliposikia alikasirika, akamfukuza Mhanga kazi.

Masika yakafika, maji yakalifurikia shamba. Fisi na Ngedere wakakimbilia mlimani. Mhanga hakuvumilia kuona mihogo aliyoitunza ikizama. Akarudi, akaanza kuyachimbia maji njia mpya, palepale alipokuwa akipataka siku zote.

Nyati akamkuta tope limemfika shingoni. "Nani kakuruhusu?"

"Hakuna aliyeniruhusu. Leo sikuja kuomba."

Maji yalikuwa yameanza kupungua shambani. Nyati akayatazama kwa muda, kisha akaingia topeni, akasimama kando ya Mhanga.

"Haya, niambie," akasema taratibu. "Mimi nichimbe wapi?"