Chumvi ya Grini ya Saba

Jeconia aliung'oa uma ardhini, akaramba udongo ulioganda nchani. Chumvi tena.

Aliangaza huku na huku. Jua la Januari lilikuwa linachoma kiwanja cha gofu cha Eldoret. Grini ya saba, kile kiduara cha nyasi fupi alichokitoboa matundu ili kipumue na kukinywesha asubuhi na jioni, ilikuwa inakufa kwa viraka vya manjano.

"Kuna mtu ananichimba," alimwambia mkewe, Nekoye, jioni. "Ni yule kibarua wangu, Kinyanjui. Anataka unyapara wangu."

Nekoye alikuwa anasonga ugali. "Na sisi tunataka nini hapa, Baba Simiyu? Wenzetu wa kikundi tulionunua nao mashamba wote wamehamia Turbo. Shamba letu tu ndilo limebaki pori. Uhuru umekuja, na wewe bado unachana nyasi ya Mzungu."

"Kazi hii nimeishika tangu ujana. Siwezi kuitupa."

"Na meneja akikufuta?"

"Akinifuta, siku hiyo hiyo tunalala Turbo. Lakini anifutie nini?"

Hakupata usingizi. Kulipokucha alimshtaki Kinyanjui kwa meneja. Kinyanjui aliapa kwa jina la mamake, lakini kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshafukuzwa. Alipopita langoni na kifurushi chake, Jeconia alijifanya anafunga kamba za viatu.

Akaitoboa grini yote upya, akaimwagia maji mpaka chumvi ikazama. Majani mabichi yakachungulia. Hata hivyo, kila alipopita pale aliinama kuonja udongo.

Asubuhi moja akaonja, akatema.

"Kiraka kimoja zaidi," meneja alimwambia, "na wewe utamfuata Kinyanjui."

Adhuhuri, vibarua walipokwenda kula, Jeconia alijibanza nyuma ya mikaratusi. Hakungoja sana. Mtu alipenya kwenye ua, akaenda moja kwa moja hadi katikati ya grini, akafungua fundo la leso na kuanza kunyunyiza, polepole, kama apandaye mbegu za wimbi.

Kisha akageuka ili amalizie upande wa pili, na Jeconia akamwona Simiyu, mwanawe, amelala fofofo mgongoni mwa mamake.